Shokapu za Gari la Mkamwana

Siku yangu ya kwanza kazini nilinyang'anywa spana. Ilikuwa karakana ya kiwanda cha chai, nami nimevaa ovaroli mpya iliyonizidi kimo. Lori la majani mabichi liliingia likilia upande wa mbele, nikajitosa chini yake kabla sijatumwa. Msimamizi wa Karakana, mtu mfupi asiyepandisha sauti, akanivuta mguu.

"Umemuuliza dereva?"

"Bado, mzee."

"Sasa spana ya nini? Lete hapa. Wewe gari unalo leo tu, yeye anakaa nalo mwaka mzima. Kamuulize."

Nilikwenda nimenuna. Dereva akasema linalia likiwa na mzigo tu, na kwa neno hilo moja tukaupata ubovu kabla ya chai ya saa nne.

Baadaye nilikwenda Mbeya, gereji ya magari madogo. Huko Fundi Mkuu alinifundisha shokapu za mbele, zile zinazomeza mitikisiko ya barabara. Ninyi vijana mnaojifunza kwenye simu, sikilizeni na mzee. Kwenye gari dogo shokapu ya mbele imevishwa springi, na juu ina kofia ya chuma na mpira yenye beringi ndani, ili tairi ligeuke kwa ulaini ukikata usukani. Springi hiyo ina hasira. Ukifungua nati ya katikati kabla ya kuibana kwa vibanio, inafyatuka na kukuvunja taya. Fundi Mkuu alikuwa na kovu kidevuni, na kila mgeni alionyeshwa. "Cheti changu hiki hapa," alikuwa akisema.

Nilimalizia kazi hapa Tukuyu, mkuu wa mafundi wanne, chini ya Ofisa Usafirishaji aliyejua swali moja tu: "Fundi, linatembea au halitembei?" Miaka mingi nimelala chali kwenye saruji ya baridi. Nimestaafu na magoti yanayotabiri mvua, na huku kwetu mvua haihitaji mtabiri. Nimechoka, sifichi.

Sasa niwaambie la mwaka huu, maana linanikera mpaka leo.

Mkamwana wangu Tumpe ni muuguzi wa zahanati huko Nkunga. Mume wake, mwanangu, yuko mbali kikazi, kwa hiyo Tumpe anaishi nasi hapa Tukuyu, mtaa wa Bagamoyo. Kwa mila yetu Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawatazamani usoni wala hawasemezani. Wengi wameiacha, hata mchungaji wetu hunitania. Mimi niliishika kwa kuwa mama yangu aliishika hadi kaburini. Miaka sita Tumpe anapita uani, mimi nimekaa barazani, na habari zake zote nazipata kwa mke wangu.

Asubuhi moja mke wangu akaniambia, "Gari la Tumpe linarukaruka mbele."

Nikalitazama, shokapu zinavuja oili. Nikaagiza mpya mbili, maana hazibadilishwi moja moja. Nililegeza nati za tairi gari likiwa bado chini, nikaweka ubao chini ya jeki kwa sababu udongo wetu unadidimia, kisha nikaliegemeza kwenye stendi. Nikafungua bolti mbili za chini na nati tatu za juu chini ya boneti. Springi nikazibana kwa vibanio, nikikumbuka lile kovu. Kofia za juu nilizigeuza mkononi mara moja tu. Mpira ulikuwa mzima, mgongo ulikuwa unawaka, nikazirudisha zile zile. Nikaendesha mpaka Kyimo kwenye lami, gari likatulia kabisa.

Siku ya tatu Tumpe alirudi polepole, ubavu wa gari umechubuka, vipande vya migomba vimenasa kwenye bampa. Alishuka, akapita uani.

"Amekata kona ya kushukia Nkunga, usukani ukagoma kurudi," mke wangu akasema. "Ameingia migombani. Asingeikuta migomba, angekuwa korongoni. Si nilikwambia linagonga akikata kona?"

"Hukuniambia."

"Alinieleza jikoni. Nikadhani ndiko huko kurukaruka."

Nilitaka kumfokea nikashindwa. Yeye si fundi, alibeba alichokielewa. Fundi ni mimi. Maisha yangu yote nimewakaripia vijana kwa kutomuuliza dereva, na dereva huyu tunakula naye chungu kimoja. Niliona aibu, na hofu ilinishika baada ya hatari kupita.

Nikaenda kusimama penye gari, nikamwita kwa jina. Akaja, akasimama hatua tano, amenipa mgongo, kitenge kichwani.

"Tumpe, mwanangu, mimi ni fundi, wewe ndiwe dereva. Gari lilikuwa na nini?"

Mke wangu akamwambia, "Sema, mama. Baba amekuuliza."

"Linagonga kushoto, tata," akasema taratibu, akiniita baba kwa Kinyakyusa. "Nikikata kona kali. Usukani unakuwa mzito, halafu haurudi wenyewe. Lilianza kabla ya Pasaka."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje, tata?"

Nilimwomba aingie kwenye gari akate usukani, nami nikachuchumaa na kuweka kiganja kwenye springi ya kushoto. "Hapo!" akasema, na kweli ikaruka chini ya mkono wangu. Beringi ya ile kofia ilikuwa imekwisha.

Kofia mpya nimezifunga zote mbili. Siku hizi Tumpe akirudi kazini hapiti uani. Anasimama mbele ya baraza, macho bado ameyainamisha, ananieleza gari limekwendaje. Mara nyingi halina tatizo lolote. Nami kesho yake namuuliza tena.