Avoka ya Kitovu

Juzi mdogo wangu alinitumia mfuko wa avoka toka kijijini kwetu Kalembe. Zilifika hapa Goma zimeiva vizuri, zile za ganda jembamba ambazo mtu anapakaa kwenye mkate na chumvi kidogo, basi. Nilikata moja, nikakiweka kisu chini. Ngoja nikuambie kwa nini, maana habari hii sijamwambia mtu.

Mdogo wangu alipozaliwa, koko, yaani mama yake mama yetu, alizika kitovu chake nyuma ya jikoni, akapanda mche wa avoka juu yake. Kwetu ilikuwa hivyo: mti ukistawi, mtoto anastawi. Ukikauka... koko hakumaliza maneno hayo hata siku moja. Mdogo wangu alipoanza kukimbia kimbia, mti ulikuwa unanifika begani. Halafu majani yakaanza kuungua pembeni, kama yamepitishwa juu ya moto, na kudondoka.

Koko hakutafuta mbali. Jirani yetu alikuwa mama mmoja mfugaji, aliyekimbia vita kule Kashuga na ng'ombe wake watatu. Alikuwa anauza maziwa, na kila asubuhi anakatisha uwanja wetu. "Ameweka karuho," koko akasema, ile sumu ya polepole tuliyoiogopa kuliko nyoka. "Umuchunge. Uangalie mikono yake." Basi nikamchunga! Akiinama kukaza kitenge, mimi macho kodo. Akicheka na mdogo wangu, mimi macho kodo. Maziwa yake tuliacha kununua, na mama wengine wakaacha pia, mmoja mmoja. Koko alisema wazi kwamba mti ukifa, yule mama atahama.

Asubuhi moja aliingia bila kuitwa. Aliweka bidoni, lile dumu lake la maziwa, chini, akakwaruza ganda la mti kwa ukucha. Ndani kulikuwa bado kubichi. Akachimba kidogo kwa vidole, akanusa udongo, akanusa tena. Nilikuwa nyuma yake, na harufu ikanifikia hata mimi: mihogo. Mama yangu! Kazi yangu ya kila asubuhi ilikuwa kumwaga maji ya mihogo michungu tuliyoloweka kwa ajili ya bugali. Koko alinionyesha mfereji kule chini ya kilima, maana maji yale ni makali, hata mbuzi hayanywi. Lakini mfereji ulikuwa mbali, na njia imejaa upupu. Nilikuwa namwaga pale pale, nyuma ya jikoni.

Yule mama akageuka, akaniangalia kwa muda. Kisha akamwambia koko, aliyesimama mlangoni mikono kifuani: "Mama, ni maji ya mvua inasimama hapa. Tuondoe huu udongo, tuchimbe njia ya maji, mi nitaleta mbolea ya ng'ombe. Haitakufa." Akachukua bidoni yake.

Tulifanya hivyo. Mimi nikaanza kubeba maji ya mihogo mpaka mfereji, upupu na yote. Baada ya wiki chache majani mapya yakachomoza, mekundu mekundu, laini. Nilifurahi sana, nikafikiri yamekwisha. Wapi! Koko aliyatazama majani yale, akatikisa kichwa. "Unaona? Anajua dawa sababu njo yeye aliweka sumu." Kijiji kizima kikasema koko amesema kweli.

Kabla ya mwezi kwisha, yule mama alifunga mizigo, akapita mbele ya nyumba yetu na ng'ombe wake. Nilikuwa mlangoni. Aliniangalia tena vile vile, nami niliona aibu, niliogopa, nikarudi ndani.

Leo koko hayuko, ile jikoni ilishaanguka, na sijui yule mama aliishia wapi. Nilipompigia mdogo wangu kumshukuru kwa avoka, alikuwa na furaha tele.

"Umeonja, dada? Njo ule muti jirani alitaka kuua."

"Ee," nikajibu. "Njo ule."