Jimu Usiyoruhusiwa Kuigusa

Fundi Lifti alistaafu akiwa na mali mbili: mafao yake, ambayo hakuwa ameyagusa, na kitambi, alichokigharamia polepole kwa miaka mingi. Mtu wa namna hiyo kutaka kufungua jimu si ajabu. Hata wanaouza majeneza hawana haraka ya kuyajaribu.

Wazo lilikuwa la shemeji yake, mdogo wa mkewe, dalali aliyevaa tai hata Jumapili. Kulikuwa na kampuni yenye jina kubwa. Ukiwalipa, unapewa jina, mashine, rangi za ukuta, nyimbo, hata maneno ya kumkaribishia mteja.

"Wewe unaleta pesa tu, shemeji. Mengine yote wanayo."

"Na akili?" aliuliza mkewe Fundi bila kuinua mguu kwenye cherehani.

"Hata akili wanaleta, dada."

"Basi mwache kwanza aende akaione." Akamgeukia mumewe. "Baba Watoto, usimuulize anayeuza. Muulize aliyekwisha kununua. Nenda kwenye tawi lao ukashinde huko. Mafao ni hayo hayo, hakuna mengine yanayokuja."

Fundi akaenda. Mwenye tawi, karani wa benki wa zamani, alimpokea akiwa na fulana ya kampuni, akamjibu kila swali bila kificho. Ada ya jina inalipwa kila mwezi, wateja wawepo wasiwepo. Kampuni ikitaka kufungua tawi jingine ng'ambo ya barabara, hakuna kinachoizuia. Mkataba ukiisha, jina linarudi kwao, na wewe unabaki na kioo kirefu cha ukutani.

"Na wateja?"

"Wanaolipa ni wengi. Wanaokuja ni wachache. Tuombe iwe hivyo hivyo, mzee, wakija wote siku moja tutawapanga barabarani."

Hayo yote Fundi aliyameza. Ila nyuma yake mashine ya kukimbilia ilikuwa inapiga kelele. Mama mmoja alikuwa juu yake, na kila hatua mashine ililia kama mlango wa ghala. Aliposhuka kunywa maji, Fundi alijikuta amepiga magoti, bisibisi mkononi. Hata hakukumbuka kuitoa mfukoni.

"Mzee! Mzee, usiguse!"

"Ni mkanda tu umekaa upande. Dakika mbili."

"Najua. Lakini anayefungua ni fundi wao peke yake. Nikifungua mimi, nalipa faini." Akaonyesha mashine nyingine pembeni, iliyofunikwa shuka na kubandikwa tangazo: *Tunaboresha Huduma*. "Ile tunaiboresha tangu mwezi juzi."

"Na wewe huumii?"

"Niumie nini? Benki nilikuwa naomba ruhusa hata ya kubadilisha balbu. Hapa kikiharibika napiga simu, naenda kulala."

Fundi alimwamini. Uso wa yule bwana ulikuwa wa mtu anayelala vizuri.

Alishinda pale hadi jioni, kama alivyotumwa. Mama yule alirudi juu ya mashine, ikaendelea kulia, na Fundi akaikalia mikono yake. Aliporudi nyumbani, shemeji alikuwa sebuleni na mkataba, kalamu juu yake.

"Sisaini."

"Kwa sababu?"

"Mkanda umekaa upande."

"Shemeji, unaacha biashara nzima kwa ajili ya mkanda?"

"Ningekuwa karani ningesaini leo. Mimi siwezi kukaa kwenye kitu changu kinalia, nimefungwa mikono, nasubiri mgeni. Nitakifungua tu. Wiki ya kwanza, nakuapia. Halafu watanitoza faini mpaka mafao yaishe."

"Atakifungua," alisema mkewe. "Hata jiko la jirani alishalifungua, na halikuwa limeharibika."

Dalali alilegeza tai.

Asubuhi Fundi alipiga simu kampuni kuwaarifu kwamba hanunui. Binti aliyepokea alimsikiliza kwa adabu zote, akampongeza kwa uamuzi wake na kumkaribisha katika familia yao, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa kumjibu kila anayepiga.