Sindano ya Lumbesa

Limi ndiye aliyeitaka mizani. Kwenye mkutano wa kijiji chao, kando ya barabara ya Nyakahura, mjane huyu wa Kisukuma alisimama akamwambia mtendaji Idefonsi mbele ya watu kwamba lumbesa ni wizi. Gunia likishajaa, wachuuzi hulipandishia kichwa cha viazi vitamu, wakakifunga kwa kamba, kisha wakalipa bei ya gunia moja. Watu walimpigia makofi hadi viganja vikawauma. Kazimili, mshonaji wa magunia hayo, hakupiga.

Mtendaji hakulaza damu. Mizani ikatundikwa gulioni, lumbesa ikapigwa marufuku. Limi akaitwa Mama Mizani, na akavimba kichwa kidogo, nani asingevimba? Mwezi ule upepo ulikuwa umeezua nyumba yake, analala chini ya turubai, na viazi ndivyo vingemrudishia bati. Kwa uhakika wa bei ya haki, akachimba shamba zima kwa siku mbili. Hapo alikosea vibaya. Kwao viazi huchimbwa kidogo kidogo, vingine hukatwa na kuanikwa viwe michembe ya kula kiangazi. Limi hakuacha hata tuta moja.

Siku ya gulio malori yalipunguza mwendo, madereva wakaiona mizani, wakaongeza mwendo. Juma la pili vivyo hivyo. Idefonsi alikuwa na uwezo wa kukataza lumbesa. Uwezo wa kumlazimisha mtu anunue hakuwa nao. Mvua zikaanza, viazi vikaanza kunuka, na makofi yakageuka matusi. Watoto walitupa viazi vilivyooza mlangoni kwa Limi huku mama zao wakitazama. Gulio la tatu mizani haikuonekana. Idefonsi naye, ilisemekana, alikuwa semina mjini.

Malori yakasimama. Limi akasomba viazi vilivyosalimika, akaenda kwa Kazimili.

"Nishonee, mwanangu."

"Shikamoo, mayu," Kazimili alisema kwa adabu zote, akimwita mama kwa Kisukuma. "Wewe siwezi kukushonea. Ulisema ni wizi. Unataka niibe mchana kweupe?" Akamtupia sindano na kamba. "Shona mwenyewe."

Watu wakajaa kuangalia. Limi alipanga viazi juu ya gunia, kichwa kikafumuka, vikabingirika matopeni. Febronia, jirani aliyempigia makofi kuliko wote, alicheka mpaka akashika mbavu. Limi akaokota, akaanza upya. Kikafumuka tena.

"Ongeza, mama," alisema Ndizeye, mchuuzi mwenye lori. "Vingine vina madoa."

Akaongeza.

"Ongeza."

Akaongeza. Viazi vya magunia mawili vikaishia kwenye gunia moja. Aibu aliisikia mpaka kwenye mifupa, lakini mikono yake haikuacha kushona, na kila mshono ulitoka bora kuliko uliotangulia.

Gunia lilibebwa na wanaume wanne. Gulio lile halikuwa limewahi kuona lumbesa ndefu namna ile. Kazimili akalizunguka, akalipiga kofi la mshonaji aliyeridhika na gunia.

"Kazi nzuri, mayu," alisema, na hakuwa anatania.

Hela aliyolipa Ndizeye, bei ya gunia moja, ilitosha bati moja. Limi alirudi nalo kichwani, mvua ikimpigia makofi juu ya bati njia nzima.