Jiko Lisilo na Ukuta

Jumamosi nilikuwa kwa seremala hapa Likasi, nikingoja mlango wangu upigwe randa, alipoingia bwana mmoja na mkewe. Bwana alitoa simu na kumwonyesha seremala picha ya jiko lililofunguka mpaka sebuleni, lenye makabati meupe. Hapa tunaliita cuisine américaine.

"Ukuta yote itatoka," alisema, akipitisha mkono hewani kama anayefuta ubao. "Wageni banaingia, banaona kila kitu."

Mkewe aliichukua simu. Akaikuza picha kwa vidole viwili, akaisogeza kushoto, kisha kulia, polepole.

"Papa, mbabula iko wapi hapa?" aliuliza, akimaanisha jiko letu la makaa.

"Mbabula ya nini, mama? Tutapikia ku courant," bwana alisema, akionyesha taa ya umeme juu yetu.

"Na kama courant inakatika? Makala nitawashia wapi? Pembeni ya fotei za kukalia wageni?"

Seremala aliinamia randa yake. Bwana akacheka mwenyewe.

"Ni kweli. Hata jana bukari ilipikwa ku makala." Bukari ndio ugali wetu.

Nikadhani habari ya picha imekwisha. Lakini mama alimgeukia seremala.

"Minye pia ninaipenda hii. Ukuta itoke. Lakini utaanza na nyuma ya nyumba: paa ndogo, meza, na fasi ya mbabula. Kisha utafanya hii ya wageni."

"Umesikia," bwana akamwambia seremala. "Anza na nyuma."

Jiko zuri hupigwa picha siku ambayo umeme upo. Ukitaka kutengeneza lako, nenda kwa fundi pamoja na yule anayepika siku zile nyingine.