Barua kwa Mdhamini

Kadi ya mkopo ilikuwa yangu, lakini sahihi iliyoniwezesha kuipata ilikuwa ya shangazi. Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya wakili mjini Kisumu, na benki ilitaka mdhamini mwenye mshahara wa serikali. Shangazi alifundisha shule ya msingi huko Kisian. Alitia sahihi juu ya rundo la madaftari ya wanafunzi, bila kusoma. "Wewe si mtu wa makosa," alisema.

Kupiga chapa nilijifunza mwenyewe, kwa kitabu kisicho na jalada, vidole vikigonga meza kabla sijagusa mashine. Barua yenye kosa moja niliichana na kuianza upya. Nilitaka na chumba changu kiwe hivyo, bila kasoro. Kwa kadi nilinunua sofa, meza ya kioo, viatu vya ofisi na nyuzi za kufumia vitambaa vya kufunika sofa hiyo. Kitambaa kilichopinda ukingo nilikifumua.

Taarifa ya benki ilikuja kila mwezi na tarakimu mbili: deni lote, na malipo ya chini kabisa. Hapo ndipo nilipopotea. Nililelewa soko la Kibuye, nyuma ya mafungu ya dagaa wa omena aliyouza mama. Pale muuzaji hutaja bei kubwa, mkavutana, kisha akakupa bei ya mwisho. Ukiilipa mmemalizana. Nikaona benki ni watu wa adabu sana, wananishushia hata kabla sijaomba. Nililipa ile ndogo, hadi senti, siku tatu kabla ya tarehe. Ile kubwa ilipopanda sikushtuka; hata mama hupandisha bei mvua ikinyesha.

Siku kadi ilipokataliwa dukani nilikwenda benki nikiwa na stakabadhi zangu zote, zimepangwa kwa tarehe. Karani alizipekua polepole.

"Madam, hii ya chini ni ya kukuweka tu usifungiwe. Deni liko palepale."

"Lakini nimelipa kila mwezi."

"Umelipa vizuri sana. Umelipa riba."

Mtu mwenye akili angeanza kulipa zaidi. Mimi niliacha kulipa kabisa. Kama siwezi kumaliza lote, niliwaza, kidogo ni cha nini? Miezi mitatu nilisukuma bahasha za benki chini ya mito ya sofa bila kuzifungua, nikakaa juu yake. Kisha karani akapiga simu ofisini: barua ya mdhamini imetumwa. Nisipolipa, shangazi atakatwa mshahara.

Barua zote zinazofika shuleni, hata za walimu, hufunguliwa na mwalimu mkuu. Shangazi angelisikia jambo hili kutoka kinywani mwake, mbele ya walimu wenzake. Niliomba ruhusa nikaenda Kisian asubuhi hiyo hiyo.

Langoni nilimkuta tarishi wa shule, mzee mmoja, akishuka baiskeli na mfuko wa posta.

"Aa, msichana ya mwalimu! Umekuja kula samaki?"

"Mzee, kuna barua ya shangazi?"

"Iko moja. Ya benki." Akaipunga hewani. "Mwalimu amekuwa tajiri! Mwambie akinunua gari asisahau sisi ya baiskeli."

Nilicheka. Niliweza kucheka. "Nipe nimpelekee."

Akanipa. Choo cha shimo kilikuwa hatua chache tu. Niliingia, nikafunga mlango, nikaishikilia barua juu ya tundu. Nisingependa kusema kilichonizuia ni dhamiri. Nilikumbuka kwamba benki hubaki na nakala, kwa sababu mimi mwenyewe hupiga kila barua na nakala mbili.

Nilipotoka, kengele ya mapumziko ilikuwa imelia, na shangazi alikuwa amesimama kwenye mlango wa darasa akinitazama.

"Waya," nilianza, kwa maana ndivyo sisi Wajaluo tunavyomwita shangazi, "kuna mambo ya interest, halafu balance ya akaunti imekuwa..."

"Sema kwa lugha ya nyumbani. Hicho Kiingereza chako kimevaa tai."

Nilitafuta maneno. Kwa Dholuo yalikuwa matatu tu. "An gi gowi." Nina deni.

"La nani?"

"Langu. Lakini wewe ndiye utakayekatwa."

Alinyoosha mkono. Nilimpa bahasha, akasoma barua mara mbili, midomo ikicheza.

"Ulikuwa unaipeleka wapi, kule chooni?"

"Kuitupa."

Alifuta chaki vidoleni kwa upindo wa gauni. "Haya, twende kwa mwalimu mkuu. Asikie kwetu kabla hajasikia kwa benki."

"Waya, ngoja kidogo..."

"Mimi ndiye ningoje? Umengoja miezi mingapi?" Alinitangulia. Mlangoni akasimama kando. "Utasema wewe."

Nilisema. Mwalimu mkuu aliendelea kuchonga penseli mpaka nilipomaliza, kisha akamgeukia shangazi, si mimi.

"Na karo ya kijana wako? Si anaingia sekondari muhula ujao?"

Miezi yote ile mitatu nilikuwa nimejihurumia, na binamu yangu hakuwa amenijia akilini hata mara moja.

"Atangoja," shangazi akajibu.