Rojali Akataa Kuanguka

Condet nzima, mtaa wa Jakarta, hakuna mtu aliyeshindwa mara nyingi kama Rojali bin Naim, wala hakuna aliyejivunia kushindwa kama yeye. Siku za kawaida alikoroga dodol, ule utamu mweusi wa nazi na unga wa mchele unaotaka saa saba za mwiko mkubwa kama kasia, na mikono yake ilikuwa imekakamaa kama mizizi. Siku za arusi alikuwa mlinda mlango.

Maana Wabetawi wa Jakarta hawamruhusu bwana arusi aingie tu, kama mtu anayeingia dukani kununua sabuni. Upande wa mke huweka mbabe wao mlangoni, upande wa mume huja na wa kwao. Wababe hao hujibizana kwa mashairi, kisha hupigana, na wa upande wa mke sharti aangushwe, la sivyo hakuna ndoa. Rojali alianguka miaka thelathini. Alianguka kwa mgongo, akaanguka kwa ubavu, na siku moja alianguka na sufuria nzima ya wali wa watu.

Basi binti yake wa pekee, Marhamah, muuguzi, akaleta mchumba: Parlaungan Lubis, kijana mpole wa Kimandailing, kwao Sumatra.

"Mji huu una watu milioni kumi," Rojali alimlalamikia mkewe. "Hakumwona Mbetawi hata mmoja?"

Saodah alikuwa akimenya vitunguu, wala hakuinua kichwa. "Bibi yako alikuwa Mbugisi wa kisiwa kingine. Babu yangu alishuka hapa kutoka Hadhramaut na kikapu cha manukato. Huyo Mbetawi mtupu unayemtafuta, mume wangu, ni nani? Kuku wa jirani?"

Rojali akakubali. Lakini jambo moja alilishikilia: mlango wa binti yake angeulinda mwenyewe. Saodah alimwambia baba mtu hukaa ndani na wageni, avae koti, atulie. Akajibu kwamba kwa watoto wa wenzake ameanguka mara mia nne, hawezi kumwachia mtu mwingine aanguke kwa huyu wake.

Asubuhi ya arusi mto Ciliwung ulikuwa umefura kwa mvua. Msafara wa kina Lubis ukafika na matari, fataki na mikate miwili yenye umbo la mamba, mirefu kama watoto, ila mbabe wao wa kukodi hayupo. Amezingirwa na maji huko Kampung Melayu. Amepiga simu akiwa juu ya paa.

Watu wakatazamana. Ndipo akasukumwa mbele mjomba wa bwana arusi, Pardomuan Nasution, mtu wa tumbo kubwa na sauti ya radi, fundi wa kuziba pancha kando ya barabara ya Cawang.

"Mimi najua matairi tu, jamani!" alilia.

"Na mdomo unao!" dada yake akamjibu. "Nenda!"

Rojali alikuwa kasimama mlangoni, suruali nyeusi, mkanda mpana wa kijani, kofia imekaa upande. Akapaza sauti:

*Bata wavuka mtoni,*
*Mmoja kapinda shingo;*
*Nyinyi ni watu wa nani,*
*Mwaja kuvunja malango?*

Pardomuan akakuna kichwa. Kwao Mandailing nako watu hutongoza kwa mashairi, hukopa kwa mashairi, hata hutukanana kwa mashairi. Akavuta pumzi:

*Gurudumu lenye tundu*
*Haliendi mbali sana;*
*Sisi hatuleti gundu,*
*Twamtaka huyo mwana.*

Watu wakalipuka kwa kicheko na vigelegele. Hata Rojali alitaka kucheka, akajikaza. Wakajibizana beti sita, na fundi wa pancha hakukwama hata moja.

Ikabaki kupigana. Pardomuan akarusha teke la mtu anayejaribu kama maji ni ya moto. Hapo ndipo Rojali alipopaswa kuanguka. Hakuanguka. Akaushika ule mguu, akaurudisha chini taratibu. Pardomuan akarusha ngumi, Rojali akainama. Akamsukuma kwa tumbo, na lile tumbo halikuwa mzaha, lakini Rojali alisimama kama nguzo.

"Kaka, anguka," Pardomuan alimnong'oneza, jasho likimtiririka. "Nakufa."

"Nashindwa," Rojali akanong'ona naye.

"Si ndiyo kazi yako, kushindwa?"

"Leo nashindwa kushindwa."

Matari yalinyamaza. Watoto waliacha kula. Rojali alihisi mlango nyuma ya mgongo wake, na nyuma ya mlango chumba ambacho kesho kitakuwa na kitanda kitupu, na magoti yake yakagoma kabisa kukunjika.

Dirisha likafunguliwa. Marhamah akatoa kichwa, taji lote likimtikisika.

"Baba! Anguka basi! Kiatu kinanibana, na kadhi ana arusi nyingine saa tano!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Rojali akageuka kumtazama, akaona binti anacheka huku wanja umemchuruzika mashavuni. Pardomuan akaona nafasi, akamgusa bega kwa kidole kimoja. Rojali akaanguka. Alianguka chali, mikono imetanuka, akabaki pale akiliangalia wingu, machozi yakimwingia masikioni.

Kisha bwana arusi, kama desturi inavyomtaka, akasoma aya zake za Kurani, kwa sauti nzuri kuliko ilivyotarajiwa, na mlango ukafunguliwa.

Mchana Pardomuan alimfuata kule nyuma ya jiko, akiwa na sahani mbili za wali wa nazi. Wakakaa kwenye benchi moja.

"Lile teke langu lilikuwaje, mkwe?"

"Baya sana."

"Nifundishe."

Siku hizi wanaalikwa pamoja. Ukiwa na arusi Condet, au hata ng'ambo ya mto, unamwambia Rojali wiki mbili kabla, naye anapita Cawang kumchukua mwenzake, ambaye hunawa grisi, huvaa suruali nyeusi isiyofunga vizuri kiunoni, na njia nzima hubishana naye ni nani safari hii atakayeanguka.