Nusu Kikombe Kabla ya Upasuaji

Mimi ni mtu wa kusema. Uliza mtoto yeyote niliyemfundisha darasa la pili pale Bondeni. Sasa fikiria mtu kama huyo akiamka kila asubuhi koo linawaka, sauti inakwaruza, na nikigeukia ubao wanafunzi wananiita chura. Kiungulia kilinitesa miaka sita. Nililamba magadi, nikanywa maziwa baridi, nikameza tembe mpaka zikaacha kunisaidia. Wapi! Nililala nimeegemea mito mitatu na bado asidi ilipanda. Daktari aliyenichungulia kooni kwa mpira wenye kamera akasema sauti ikiendelea kuharibika hivyo, nitafute kazi isiyo ya kusema. Kazi gani hiyo, jamani?

Ndipo nikaambiwa kuna njia mpya. Hupasuliwi tumbo lote kama zamani. Unatobolewa matundu matano madogo, kamera inapita hapo, kisha sehemu ya juu ya mfuko wa chakula inazungushwa kwenye umio, ile njia ya chakula, na kushonwa, kama leso shingoni, ili asidi isipande tena. Bingwa wa kazi hiyo alikuwa akija kutoka Nairobi mara moja moja. Siku yangu ikapangwa Desemba 2007, uchaguzi ukikaribia. Sharti lilikuwa moja: kuanzia saa nne usiku, usile wala usinywe chochote.

Mama mkwe wangu, mamake mume wangu, alitoka Kakamega kuja kunisindikiza. Asubuhi nilimkuta jikoni amekwisha kupika chai ya maziwa na tangawizi.

"Mama, wamesema nisile."

"Kwani nani amekwambia ule? Hii ni chai tu. Utatokaje kwa nyumba na tumbo baridi?"

Kwetu chai si chakula. Mtu atakunywa vikombe vitatu na aape kwamba tangu asubuhi hajatia kitu mdomoni. Na hii ilikuwa chai ya mama mkwe, naye amekusimamia, anakutazama. Sharti nililijua vizuri sana. Nikanywa nusu kikombe.

Saa tatu nilikuwa nimelazwa chali juu ya meza ya upasuaji. Daktari wa usingizi akaniuliza kama nimekula au kunywa kitu.

"Hapana," nikasema, wala sikupepesa macho. Niliogopa kuikosa ile siku kuliko nilivyoogopa kufa, na huo ulikuwa upumbavu mtupu.

Akaniwekea dripu. Bingwa alikuwa anavaa glavu. Hapo ndipo chai ilipoanza kupanda. Nilisikia tangawizi na maziwa yaliyochacha nyuma ya ulimi. Nikameza. Ikapanda tena. Daktari akachomeka sindano kwenye mpira wa dripu, akaniambia nivute pumzi. Mungu wangu. Nikamshika mkono.

"Nimekunywa chai!"

Daktari wa usingizi akasimamisha sindano.

"Saa ngapi?"

"Kumi na moja na nusu."

Akaichomoa sindano polepole. "Mwalimu, ningekulaza, hiyo chai ingeingia kwa mapafu. Ungezama hapa hapa mbele yetu."

Bingwa akavua glavu, akasema tutaonana mwezi wa kwanza. Lakini mwezi wa kwanza, na zile ghasia za baada ya uchaguzi, nani alipita barabara ya Nairobi? Nilifanyiwa mwezi wa tano, na nashukuru Mungu, sauti ilirudi. Ila siku ile sikuwa najua hayo. Nilitoka na gauni la hospitali, nimejaa hasira, natafuta wa kulaumu. Mama mkwe alikuwa pale nje kwenye benchi, akainuka akitabasamu.

"Wamemaliza haraka hivyo? Mungu ni mwema!"

"Hawajafanya kitu! Ni ile chai yako, mama. Ningelala nayo, ningekufa."

Aliketi tena, taratibu.

"Walikuwa wamekukataza hata chai?"

"Walinikataza."

"Ukajua, na ukanywa?"

"Sasa ningekukatalia vipi, mama?"

Nilitaka kuendelea kumfokea, lakini nikaona mdomo wake unatetemeka, hasira yote ikaniishia. Nikaona haya. Alikuwa anatazama mikono yake.

"Miaka kumi na moja nakuita msichana wangu," akasema. "Kumbe wewe unaniogopa tu, hadi heri ufe."